Sheria ya Paja katika Nchi ya Upakato

Ipo nchi iitwayo Upakato. Waliowahi kufika huko hawaikumbuki vizuri njia waliyopita, na asiyekumbuka njia asiwachoshe watu kwa kubuni. Itoshe kusema kwamba Sikudhani alifika. Alikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya elimu ya ndege ambayo wino wake ulikuwa haujakauka sawasawa, daftari, darubini, na imani kwamba mtu akielezwa ukweli kwa upole ataufuata.

Kitu cha kwanza alichokiona ni nguo. Kila mtu mzima wa Upakato, mwanamume kwa mwanamke, huvaa shuka jeusi kuanzia kiunoni hadi miguuni, na shuka hilo hufuliwa mara moja tu kwa mwaka. Mashuka yote yalikuwa yamegandwa na manyoya. Mwanzoni Sikudhani alidhani ni uchafu. Baadaye akaelezwa kuwa manyoya yale ndiyo heshima ya mtu, na kwamba kijana akienda kuposa, jambo la kwanza wakwe wanalotazama ni mapaja yake.

Chanzo chake ni sheria kuu ya nchi, ambayo watoto hufundishwa kabla hawajajua kuhesabu: Asiyepakatwa hana msemaji. Hakuna ruhusa ya kusimama Barazani kumsemea kiumbe ambaye hajawahi kukaa juu ya paja lako akiwa hai, na ushahidi ni unywele au unyoya uliobaki kwenye shuka. Walioitunga walikuwa na nia njema. Walikuwa wamechoshwa na watu waliosimama kuwasemea wasiowajua, wakaamua kwamba aseme aliyegusa. Hakuna aliyefikiria wale wasiogusika.

Basi mbuzi wa Upakato wana sheria tatu, kuku wana saba, sungura wana siku yao ya mapumziko, na paka wana kitabu kizima. Nyoka hana hata mstari. Samaki waliwahi kupata msemaji, bwana mmoja aliyempakata kambare njia nzima hadi Barazani, lakini walipofika kambare alikuwa ameshakufa na hotuba ikabatilishwa, kwa sababu maiti hapakatwi. Hata kati ya paka wenyewe hakuna usawa. Paka mweupe husemewa sana kuliko mweusi, maana manyoya meusi hayaonekani juu ya shuka jeusi.

Sasa, paka wa Upakato huzaa kama paka wa popote, na nyumba zina ukubwa wake. Kuwazamisha watoto wa paka ni jinai. Kuwahasi ni matusi kwa ukoo mzima wa mwenye nyumba. Kwa hiyo wakitimiza miezi mitatu hufanyiwa Maago. Mwenye nyumba huwapeleka hadi ukingo wa msitu, huwapakata mara ya mwisho, huwapaka maziwa kidevuni, huwaweka chini na kusema, "Nenda ukawe huru." Kisha hugeuka na kuondoka bila kutazama nyuma. Watu wa Upakato huamini kabisa kwamba paka aliyeagwa na maziwa kidevuni haonji damu maisha yake yote. Huko msituni hula panzi na kulamba umande.

Sikudhani aliuliza ni nani aliyewahi kushuhudia hayo.

"Ashuhudie vipi, mgeni?" akajibiwa. "Kutazama nyuma si ni mkosi?"

*

Mwenyeji wake alikuwa Kidawa, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini kama mtu aliyezoea kukaa karibu na waliolala. Cheo chake kilikuwa Mlinzi wa Viota. Alikuwa akiwalinda lalachini, ndege wa ukubwa wa kifaranga cha wiki mbili, wa rangi ya jani kavu, asiyepatikana nchi nyingine yoyote. Lalachini hutaga mayai mawili chini, juu ya ardhi tupu, na akiona hatari hutulia tuli. Kutulia huko kulimfaa tangu dunia ilipoumbwa, hadi siku paka wa kwanza alipoagwa.

"Nilipoanza kazi, miaka kumi na mitatu iliyopita, viota vilikuwa mia sita," Kidawa alimwambia jioni ya kwanza, huku paka wake mnene amelala dirishani. "Sasa ni kumi na tisa. Vyote viko Bonde la Mawe."

"Baraza linajua?"

"Baraza linajua kwamba mimi ni mtu mpole nisiye na neno." Akanyosha shuka lake magotini. Lilikuwa na manyoya ya paka mmoja tu. "Kuwasemea paka naruhusiwa. Lalachini sijawahi kumgusa. Ukimgusa akiwa ameatamia, anakiacha kiota na harudi tena. Nimewalinda miaka kumi na mitatu kwa kutowagusa, na kwa sababu sikuwagusa, sina ruhusa ya kusema kwamba wanakwisha."

"Na huyu?" Sikudhani alimwonyesha paka wa dirishani.

"Huyu nimemhasi, na hatoki nje. Majirani wananiita bwana jela."

Baraza hukaa siku moja tu kwa mwaka kwa mambo ya msitu, na siku hiyo ilikuwa keshokutwa. Ajenda ilikuwa moja: ukingo wa zamani wa msitu umejaa, watu wanalalamika kwamba wakienda kuaga wanasikia vilio vya paka walioagwa mwaka jana, na vilio vinaharibu shughuli. Pendekezo ni kwamba Maago yahamishiwe Bonde la Mawe, mahali penye utulivu.

Sikudhani hakulala vizuri. Asubuhi alichukua daftari lake akaenda ofisini kwa Makungu, Mkaguzi wa Mashuka, kujiandikisha kama msemaji. Sheria humruhusu hata mgeni. Makungu alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye lenzi inayoning'inia shingoni. Alimpa shuka, akamkalisha, akalikagua paja lake kwa lenzi kwa muda mrefu wa kutosha kuandika kwamba hakuna kitu.

"Unyoya uko wapi?"

"Sina unyoya, bwana. Nina takwimu."

"Takwimu umezipakata?"

"Takwimu hazipakatwi."

"Ndiyo hivyo," Makungu alisema kwa huruma ya kweli, akafunga kitabu.

Alipotoka alikutana na kundi la vijana waliovaa fulana zenye picha ya lalachini, wakipiga kelele kwamba paka wote wa msituni wauawe kwa fimbo kabla ya mwezi kuandama. Sikudhani alifurahi kuwaona kwa muda mfupi tu. Kila aliyemuuliza kama amewahi kumsikia lalachini akiita alimjibu kwamba bado, bonde liko mbali. Mchoraji wa fulana alikuwa amempa ndege yule mdomo wa kasuku.

Na palepale uwanjani alikutana na Bi Tabu.

Bi Tabu alikuwa mkuu wa Wapakataji, chama cha wanaowasemea paka, bibi wa miaka sitini na kitu, mnene, mchangamfu, shuka lake limejaa manyoya hadi likaonekana la kijivu. Sikudhani alikuwa amejiandaa kumchukia. Lakini Bi Tabu alimshika mkono, akamkalisha kibarazani kwake katikati ya paka kumi na mmoja, akamwekea uji na maandazi.

"Kula, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Kidawa anakulisha mayai ya ndege?" Waliokuwepo wakacheka.

Kidawa alikuja kumchukua mgeni wake saa sita. "Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba, bwana jela. Mfungwa wako hajapata dhamana?"

"Hajaomba, Bi Tabu. Amenenepa."

"Mtu akinenepa gerezani ndiyo yuko huru?" Kisha akamgeukia Sikudhani, na sauti yake ikashuka. "Mimi, mwanangu, nimeaga paka mia mbili na kumi na wanne kwa mikono hii. Kila mmoja nilimlilia. Usimwamini mtu atakayekwambia kwamba sina huruma."

Sikudhani alimwamini. Alipokuwa akitembea kurudi, hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Lakini alikuwa hajawahi kuona nchi nzima ikikubaliana kuhusu jicho hilo hilo moja.

*

Usiku huo Kidawa alisema alichokuwa ameamua.

"Kesho alfajiri, kabla ya Baraza, nitampakata mmoja. Yule wa kiota cha mwamba mwekundu. Mayai yake yatapotea. Kiota kimoja kwa kumi na vinane."

"Dada Kidawa, wewe mwenyewe ulisema—"

"Najua nilichosema. Asiyekuwepo na lake halipo. Nimewaacha bila kuwepo miaka kumi na mitatu."

Walifika bondeni kukipambazuka. Kidawa alitembea kwa namna ambayo Sikudhani hakuwahi kuona mtu mzima akitembea, akiweka kila unyayo kana kwamba anauombea ruhusa. Karibu na mwamba mwekundu akasimama. Mikono yake ilikuwa imeshatangulia mbele, viganja wazi. Akabaki hivyo. Sikudhani, nyuma yake, alidhani moyo umemshinda, na kwa siri akashukuru.

Kumbe walikuwa wamechelewa. Juu ya kiota alikuwa amesimama paka.

Alikuwa wa kijivu, au rangi iliyobaki ya kijivu. Mbavu zilihesabika. Jicho moja lilikuwa limefungwa na usaha, sikio moja limekatika, na mgongoni palikuwa na ukurutu uliokula manyoya kiasi cha kiganja. Alikuwa akimla yule ndege kwa haraka ya kiumbe asiyejua lini atakula tena. Mayai mawili yalikuwa yamesukumwa pembeni, moja limepasuka.

Sikudhani, ambaye tangu utoto hakuwahi kumpiga hata mjusi, alijikuta ameokota fimbo na ameiinua juu kabisa.

Kidawa aliushika mkono wake. "Acha."

"Amemla! Mbele ya macho yetu!"

"Ameshiba leo. Mtazame alivyo, jana hakushiba. Huyu naye ana mtu gani?" Akavua mtandio wake, akautupa juu ya paka, na baada ya purukushani iliyomwachia michubuko miwili, akamtia ndani ya tenga la kubebea kuku na kufunga kifuniko.

Sikudhani aliangua kilio. "Sasa huna ndege wa kupakata. Huna unyoya. Viota ni kumi na vinane na Baraza ni saa tatu."

"Ninaye paka," Kidawa alisema, akihema. "Paka nina haki ya kumsemea. Nitawaonyesha huyu."

*

Baraza la Upakato ni ukumbi wa mviringo wenye viti vifupi, vimetengenezwa hivyo ili paja likae vizuri. Hotuba za asubuhi zilikuwa nzuri. Bwana mmoja alieleza jinsi uhuru unavyomfaa paka kiafya. Mwingine alisoma shairi. Vijana wa fulana walipiga kelele mlangoni, wakazuiwa kuingia kwa kukosa unyoya. Kisha Kidawa akainuka, na watu wakageuka, kwa sababu katika miaka kumi na mitatu hakuwahi kuinuka.

"Namsemea paka," alisema.

Makungu akakagua shuka lake. "Ana haki."

Kidawa aliliweka tenga katikati ya ukumbi. "Tunaambiwa paka walioagwa wako huru na wana furaha. Mimi simjui paka huyu, ametoka msituni leo asubuhi. Naomba mmoja wa Wapakataji ampakate, ili tujue anasemewa au hasemewi. Kama hapakatiki, basi kwa sheria yetu wenyewe, paka wa msituni hawana msemaji humu ndani, na hotuba zote za asubuhi hii ni batili."

Minong'ono ikapita. Tenga likatoa mkwaruzo na mlio ambao paka wa nyumbani hawautoi. Bwana wa uhuru akakumbuka kwamba goti lake linamuuma. Msoma shairi akatazama dari.

"Leteni hapa," Bi Tabu alisema. "Mnaogopa nini? Ni mtoto wa watu."

Alifungua kifuniko mwenyewe. Kilichofuata kilikuwa kifupi na kibaya. Paka alimrukia mikononi, akamrarua kuanzia kiwiko hadi kifundo, akamng'ata kwenye kiganja, na wanawake wawili wakapiga mayowe aachiwe. Bi Tabu hakumwachia. Alimkumbatia kama anayemzuia mtoto mwenye degedege, akaketi naye, akamkandamiza juu ya paja lake huku akisema maneno yale yale anayowaambia wa kwake, "Basi, basi, baba, basi." Polepole paka akaishiwa nguvu. Hakuwa nazo nyingi.

Ndipo Bi Tabu akamtazama. Akalitazama jicho, sikio, ukurutu. Akapitisha kidole chenye damu kwenye uti wa mgongo uliotokeza kama kamba yenye mafundo. Akamgeuza, akaona chini ya kidevu baka jeupe lenye ncha mbili.

"Huyu ni wa tumbo la Kipini, paka wangu," alisema, si kwa mtu yeyote. "Wote wa Kipini wana baka hili. Mimi ndiye niliyemuaga. Mwaka juzi. Nilimpaka maziwa hapahapa." Machozi yakamdondokea paka. "Alikuwa mnene."

Sikudhani, kwenye kiti cha wageni, alikuwa amelisubiri neno kama hilo kwa siku tatu. Sasa lilipokuja, alitamani mtu amfunike yule bibi kwa kanga, asionekane akilia hadharani.

Lakini sheria haingoji machozi. Kila anayepakata mbele ya Baraza lazima shuka lake likaguliwe na kuandikwa, na Makungu alikwisha kuchutama na lenzi yake.

"Manyoya ya kijivu," alisema kwa karani. "Paka wa msituni. Wa kwanza kuandikwa." Akasogea. Akasimama kuandika, kisha akachutama tena. Akatoa kibano mfukoni. "Na hiki ni nini?"

Kwenye ncha ya kibano palikuwa na unyoya mdogo, mwepesi, wa rangi ya jani kavu, umetoka kwenye kidevu cha paka na kushika juu ya shuka la Bi Tabu.

"Lalachini," Kidawa alisema.

Makungu alifungua kitabu cha sheria. Alisoma kimya, kidole kikifuata mstari, na ukumbi mzima ukakisubiri kidole.

"Sheria inataka unyoya uliotua juu ya shuka kutoka kwa kiumbe hai aliyepakatwa, mbele ya shahidi," alisema hatimaye. "Paka huyu yu hai. Amepakatwa. Shahidi ni mimi. Sheria haisemi popote kwamba aliyepakatwa awe ndiye mwenye unyoya." Akavua lenzi. "Bi Tabu, kuanzia sasa wewe ni msemaji wa lalachini. Wa kwanza, na wa pekee."

Mtu akacheka. Wengine wakamfuata, kisha wakaacha mmoja mmoja, kwa sababu Bi Tabu hakucheka.

"Mimi hata simjui," alisema. "Sijawahi kumwona."

"Sheria haikuulizi kama umemwona."

Bi Tabu akainua kichwa. "Kidawa. Njoo hapa."

"Sina ruhusa ya kusema habari zake, Bi Tabu."

"Nimekuita useme? Nimekuita uninong'oneze."

Kidawa akaja, akapiga magoti kando ya kiti, akaweka mdomo sikioni mwa yule bibi. Na Baraza la Upakato likasikia, kwa sauti nzito ya mkuu wa Wapakataji, mambo ambayo hayakuwahi kutamkwa ndani ya kuta zile. Kwamba viota vyao vilikuwa mia sita. Kwamba sasa ni kumi na vinane. Kwamba mama na baba hupokezana kuatamia, na mmoja asiporudi mwenzake hukaa pale pale hadi afe kwa njaa. Hapo Bi Tabu alisita, akamgeukia Kidawa, "Kweli?" na Kidawa akaitikia kwa kichwa, naye akaendelea. Kwamba Maago yasihamie Bonde la Mawe, wala yasifanyike tena popote. Kwamba paka wahasiwe, na tusi hilo yeye atalibeba wa kwanza. Kwamba kila aliyeaga aende msituni akamtafute wake.

"Na wasiopakatika?" bwana wa uhuru alipaza sauti. "Wale walioharibika kabisa? Atuambie, hao nao vipi!"

Bi Tabu alisubiri mnong'ono. Haukuja. Kidawa alikuwa ameinamisha uso. Jibu alilijua miaka mingi, na hakutaka kulitia mdomoni mwa mwenzake.

Paka alikuwa amelala sasa, au amezimia, mkono wake mmoja umening'inia kando ya goti la bibi. Bi Tabu akaushika, akaurudisha taratibu juu ya paja.

"Hao," alisema, na neno hili lilikuwa lake mwenyewe, "ataitwa daktari wa mifugo na sindano yake. Si fimbo, wala si sumu, mnanisikia nyie wa mlangoni? Na hakuna atakayefia guniani. Kila mmoja atalala kwenye paja la mtu, mpaka mwili upoe. Nitaanza mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mikono ikainuliwa kukubali, michache kwanza, kisha mingi, kisha iliyotosha. Sikudhani aliihesabu mara mbili kwa mazoea, halafu akagundua kwamba hakuwa ameandika kitu.

Makungu alikaa na kalamu hewani. Katika Upakato kila kiumbe ana kitabu chake, na hotuba huandikwa kwenye kitabu cha kiumbe aliyesemewa.

"Samahani, Bi Tabu," alisema. "Haya uliyosema, niyaandike kwa paka au kwa ndege?"

"Kwa wote wawili. Ukurasa mmoja."

"Hakuna ukurasa wa namna hiyo."

"Basi uchore," Bi Tabu alisema. Akainuka na paka kifuani, damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko, akabaki amesimama mbele ya meza yake mpaka Makungu alipoanza kutafuta rula.